CHAKI WAKABIDHIWE WANANCHI

Uko ugonjwa mmoja uliotuingia katika mikutano yetu, nao hautibiwi kwa sababu wenye kuuleta ndio hao hao wanaokaa meza kuu. Mkutano huitishwa saa tatu, hufunguliwa saa tano. Mgeni wa heshima husoma hotuba. Baada yake hufuata mtaalamu, naye husoma mada. Baada ya mtaalamu hufuata mwingine mwenye mashine ya kurusha maandishi ukutani, na maandishi yenyewe ni madogo hata aliyekaa mstari wa tatu hayaoni. Ikifika saa nane mwenyekiti huuliza, "Je, kuna swali?" Watu hutazamana. Wawili watatu, ambao ni wale wale wa siku zote, huinuka na kusema machache, na shughuli hufungwa. Siku ya pili huandikwa taarifa kwamba wananchi wameshirikishwa.

Twasema wazi kwamba mkutano wa namna hiyo haukumshirikisha mtu. Umewasikilizisha watu, na kusikilizisha ni kazi ya redio, ambayo huifanya vizuri zaidi tena haimtoi mtu shambani. Jambo hili lingekuwa dogo, la kuchekwa tu, kama mikutano yetu isingekuwa na nguvu ya sheria. Lakini inayo. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano huo ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ikaongeza kwamba halmashauri ya kijiji isigawe ardhi wala kumpa mtu hati ya kimila pasipo kwanza kupata kibali cha mkutano mkuu. Maana yake ni kwamba wananchi wakinyamaza mkutanoni, ukimya wao huandikwa kuwa ni ndiyo. Shamba laweza kwenda, njia ya ng'ombe yaweza kuzibwa, na yule aliyedhulumiwa alikuwapo siku hiyo hiyo, ameketi chini ya mti, tena ametia sahihi katika karatasi ya mahudhurio.

Tuchukue Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida. Mahali hapa pamekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na mtu akisimama ukingoni huziona nyanda za Bahi zimetandazwa huko chini kama mkeka. Misafara ya biashara ilipita hapa. Wajerumani wakajenga boma lao hapa. Wamisheni wa Kianglikana wakaweka hospitali hapa. Reli ya Kati ilipovutwa kutoka Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, haikupanda Kilimatinde. Ilipita Manyoni, na ukubwa wa mji ukaifuata reli. Hayo nayo yaliamuliwa juu ya karatasi yenye mchoro, na watu ambao hawakuona haja ya kumwuliza Mgogo yeyote neno. Basi wakazi wa Kilimatinde hawahitaji kufundishwa kwamba mwenye kushika kalamu ya ramani ndiye mwenye kusema mambo yaende wapi.

Mvua ya huko ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili hivi, nayo si ya kutegemea. Watu hulima mtama, uwele, mahindi na alizeti, na hufuga ng'ombe. Mahali kama hapo, mpango wa matumizi ya ardhi ni shibe au njaa ya watu. Sasa aje mtu na mpango huo umepigwa chapa kurasa 60, umejaa maneno ya wataalamu, ausome toka mwanzo hata mwisho jua la saa saba likiwaka. Ni nani atakayetambua kwamba ile iitwayo "kanda ya tatu" ndiyo mbuga anakonyweshea mifugo yake? Atatambua siku atakapokuta nguzo zimesimikwa.

Dawa tunayoipendekeza haigharimu sana, wala haikutoka mbali kama wengine wanavyodhani. Mkutano uwe na mchoraji. Papatikane ukuta au ubao, zitandazwe karatasi za manila zilizounganishwa, urefu wa hatua nne au tano, na mchoraji asimame hapo mbele ya watu wote na kalamu zake za wino mzito. Watu wanaposema, yeye huchora yale wanayosema, papo kwa papo. Mzee akisema kisima cha zamani kilikauka baada ya miti kukatwa, kisima huonekana, na visiki huonekana. Mama akisema anatoka alfajiri na ndoo na kurudi jua limepanda, njia yake huchorwa, na jua huchorwa. Pamoja na mchoraji awepo mwezeshaji, ambaye kazi yake si kuhutubia bali ni kuuliza, kumwomba aliyenyamaza aseme, na kumwambia mchoraji, "Hapo umekosea, huyu ndugu hakusema hivyo, futa." Kila baada ya muda mkutano husimama, watu huinuka kwenda kuutazama mchoro, nao husahihisha. Mtu ambaye asingethubutu kusimama na kumpinga ofisa, hawezi kujizuia kuunyoshea kidole mchoro na kusema, "Mto hauko huko."

Hapo ndipo penye siri yote ya jambo hili. Katika adabu zetu, kumpinga mkubwa mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Mwanamke mbele ya baba mkwe wake hupima kila neno. Kijana mbele ya wazee hungoja mpaka aulizwe, na mara nyingi haulizwi. Mchoro huondoa macho ya watu usoni pa mtu na kuyaweka ukutani au ardhini. Anayesahihisha picha hamkosoi mtu, anakosoa mstari. Mstari hauna cheo, wala haukasiriki.

Wako wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba huko San Francisco, Marekani, katika miaka ya 1970, watu kama David Sibbet waliifanya kazi ya kuchora mikutano kuwa ni ufundi wenye jina lake, na sasa makampuni makubwa huwalipa wachoraji fedha nyingi kwa kazi hiyo. Lakini nani asiyejua kwamba mzee wa kwetu, ukimwuliza njia, huchora kwa fimbo chini mavumbini? Huko Kondoa michoro ya miambani imekaa kwa maelfu ya miaka, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Karibu zaidi, huko huko Bahi chini ya ukingo wa Kilimatinde, iko michoro ya miambani ambayo A. T. Culwick aliandika habari zake mwaka 1931, akaeleza jinsi watu walivyokuwa wakiitumia katika tambiko. Picha iliyowakusanya watu kwa jambo linalowahusu wote haikuletwa na meli.

Na wala hatuanzi leo. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, wakiwa na kitabu na kiongozi wa kikundi, wakazungumza juu ya malaria, maji na vyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo kweli. Jambo la maana katika kampeni ile ni kwamba redio iliposema, ilinyamaza, watu wakaendelea. Mwaka 1982 na 1983, huko Malya katika Mkoa wa Mwanza, Penina Mlama na Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwakuta vijana na wanakijiji, wakatunga nao michezo ya kuigiza juu ya matatizo yao wenyewe, na mchezo ukiisha mjadala huanza. Alilolishindwa kulisema mtu kwa kinywa chake, alilisema akiwa ndani ya mchezo.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa afya na maji walitoa njia moja ambayo ilijaribiwa katika Kenya, Uganda, Botswana na Zimbabwe, nayo twaipenda hasa kwa urahisi wake. Wanakijiji hupewa fungu la picha zilizochorwa na mchoraji wa nchi hiyo hiyo: mtu ananawa mikono, ng'ombe anakunywa kisimani, mtoto anajisaidia nyuma ya nyumba, chungu cha maji kimefunikwa. Huambiwa wazigawe mafungu matatu: nzuri, mbaya, na zilizo katikati. Watu hugombana, na ugomvi mkubwa hutokea katika lile fungu la katikati, kwani huko ndiko kila mtu hulazimika kueleza kwa nini anafikiri anavyofikiri. Hotuba ya bwana afya ingekuwa imekwisha watu wamesinzia, lakini hapa mama mzima asiyejua kusoma humshinda mwalimu wa shule kwa hoja juu ya picha ya chungu.

Ramani ya kuchorwa ardhini nayo ina kazi yake. Watu huchagua mahali peupe, huchora kijiji kwa kijiti na majivu, huweka mawe mahali pa nyumba, majani mahali pa msitu, magunzi mahali pa mashamba. Kisha huulizwa: maji yako wapi mwezi wa Oktoba? Mifugo hupita wapi mavuno yakiwa shambani? Nani aliye mbali na zahanati? Kalenda ya mwaka huchorwa vivyo hivyo, miezi kumi na miwili kwa mstari, na punje za mahindi huwekwa juu ya kila mwezi kuonyesha chakula kilivyo ghalani. Katika nchi ya mvua moja kama Kilimatinde, punje hizo zitapungua Januari na Februari mbele ya macho ya kila mtu, na hapo hapo mtu atauliza kwa nini michango ya kijiji idaiwe miezi ile ile. Robert Chambers, Mwingereza aliyeandika sana juu ya njia hizi, alikuwa na neno lake moja lililowafaa maofisa wote: kabidhi kijiti.

Mkoani Singida kwenyewe tunao mfano wa watu waliokabidhiwa. Msitu wa Mgori, ulio kaskazini ya mkoa, ulikuwa ukikatwa na kuchomwa bila mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyoupakana viliachiwa kuulinda na kuutunza. Wanavijiji wakaitembea mipaka kwa miguu yao, wakakubaliana wapi ni pa kijiji gani, wakaweka sheria zao ndogo na walinzi wao. Mazungumzo yao yalianza mahali penyewe, juu ya mti huu na kijito hiki, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya mkalimani kati ya mpango na mwenye mpango. Huko Kenya, mwaka 2006, wazee wa Waogiek walikusanyika Nessuit karibu na Nakuru, wakajenga kwa maboksi na rangi mfano wa milima na mabonde ya Mau kama walivyoyajua toka utoto. Vijana waliona kwa mara ya kwanza majina ya mahali ambayo hayakuwamo katika ramani yoyote ya serikali.

Haifai hata hivyo kuficha kwamba njia hizi zaweza kufa mikononi mwetu. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 serikali yetu imekuwa na utaratibu wa kupanga mipango ya vijiji uitwao Fursa na Vikwazo vya Maendeleo. Ndani yake mna ramani, kalenda na mafungu, yaani yale yale tunayoyasifu. Lakini vijiji vingi viliishia kuandika orodha ndefu ya maombi, orodha ikapelekwa wilayani, wilayani ikachanganywa na nyingine, na fedha zilipokuja zilikuwa na mawazo yake tayari. Watu walichora, wakangoja, wakachoka. Ndiyo sababu utaratibu huo ulibidi kutengenezwa upya baadaye, kusudi kijiji kianze na lile kinaloweza kulifanya kwa nguvu zake. Mchoro hauwezi kulipa deni la ahadi isiyotimizwa, na yeyote anayewaita watu kuchora ilhali uamuzi umekwisha kukatwa mahali pengine, huyo anawachezea.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya mchoraji mwenyewe. Mwenye kalamu ndiye mwenye mkutano, kama zamani mwandishi wa mukhtasari alivyokuwa. Akiwachora wafugaji wote wenye fimbo mkononi na wakulima wote wenye machozi, amekwisha kutoa hukumu. Akimchora mwenyekiti mkubwa katikati na akina mama wadogo pembeni, amewarudisha pembeni. Kwa hiyo mchoro usiitwe umekamilika mpaka wenyewe wausome kwa sauti na kusema ndivyo. Ubakie kijijini, usichukuliwe kwenda kupamba ukumbi wa ofisi fulani mjini. Na ramani yenye kuonyesha mahali pa maji na ardhi nzuri isigawiwe kila mgeni apitaye na gari lenye maandishi ubavuni, maana si kila asomaye ramani anasoma kwa nia njema.

Ndugu zetu wafanyakazi wasidhani kwamba haya yanawahusu wenye majembe peke yao. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha Mabaraza ya Wafanyakazi katika mashirika ya umma, kusudi mfanyakazi ajue na kusema juu ya mipango ya mahali anapofanyia kazi. Nia ilikuwa safi. Lakini mara nyingi meneja alikuja na makabrasha ya hesabu, wajumbe wakayapata asubuhi ile ile, na katika muda wa kunywa chai mpango wa mwaka ukawa umepita. Mabaraza yapo hata leo katika taasisi za umma, na makabrasha yapo. Hebu bajeti ichorwe ukutani kama magunia kumi ya mtama: haya ni mishahara, haya ni safari, hili ni mafuta ya magari, hili nusu ni vifaa vya kazi, na kiganja hiki ni mafunzo ya wafanyakazi. Hakuna haja ya kuwa mhasibu ili kuuliza kwa nini safari zimekula magunia mawili. Twashuku kwamba wako wakubwa ambao hawautaki mchoro wa namna hii kwa sababu hiyo hiyo, na si kwa sababu ya uhaba wa kalamu.

Wapo pia watakaosema kwamba picha ni mchezo wa watoto na kwamba mkutano wa watu wazima una heshima yake. Wasomaji wenye umri wamkumbuke Chakubanga, yule mtu wa katuni aliyebuniwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Wengi walimtafuta Chakubanga kwanza na tahariri baadaye, jambo ambalo waandishi wa tahariri hawapendi kulisikia. Alikuwa mchezo, naam, lakini mlevi, mzembe na mwenye majivuno walijiona humo, wakacheka huku wakijikuna. Heshima ya mkutano hupimwa kwa watu wangapi wametoka wakijua kilichoamuliwa. Kwa kipimo hicho mikutano yetu mingi ya suti na maua ya plastiki mezani haina heshima yoyote.

Yaliyobaki ni ya utekelezaji, nayo hayahitaji mfadhili. Wachoraji tunao. Katika kila mji mdogo penye maduka pana kijana anayeandika mabango ya vinyozi na kupaka picha za ng'ombe kwenye ukuta wa bucha, Manyoni hapakosi. Walimu wa shule za msingi huchora ubaoni kila siku. Watu hao wapewe siku mbili za mazoezi ya kusikiliza, kwani kuchora wanajua, na jambo gumu katika kazi hii ni kusikiliza neno la mtu mpaka mwisho kabla ya kulitia wino. Mwezeshaji atoke nje ya halmashauri inayojadiliwa, asije akawa mlinzi wa jambo lake mwenyewe. Mkutano wa kwanza wa robo mwaka uanze na ramani ya ardhini, na michoro itundikwe katika ofisi ya kijiji mahali ambapo mtu aweza kuiona pasipo kuomba ruhusa. Mkutano wa robo ya pili usianze na hotuba. Uanze na mchoro wa mkutano uliopita, na mwanakijiji yeyote, si mtendaji, ausome na kuonyesha kwa kidole lipi limefanyika na lipi halijafanyika. Halmashauri ya wilaya iandike katika makadirio yake fungu la karatasi za manila, kalamu na chaki. Ni fedha chache kuliko mafuta ya gari moja la mgeni wa heshima. Mchoraji alipwe posho ile ile anayolipwa mtoa mada, na mtoa mada apewe dakika kumi na tano.